Ofa ya kazi inakutia wasiwasi? Tafuta dalili yako hapa uanze kukagua

Wiki haipiti bila mtu kunitumia skrinshoti na kuniuliza "hebu niangalizie hii, ni ya kweli?", na nikifungua nakuta mambo yaleyale niliyoyaona kwa mtu wa juzi na wa mwezi uliopita, yaani hata maneno yanafanana. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa kufuata dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayofanana na yako, huna haja ya kusoma yote kuanzia juu. Kila dalili naanza na sababu inayotokea sana kisha zile za nadra, na ukaguzi wa dakika mbili unatangulia ule wa kina. Penye neno SIMAMA, tafadhali simama kweli.

Ila kuna kitu kimoja inabidi ukishike kabla hujaenda popote, kwa sababu bila hicho ukaguzi wote unaharibika: usimkague mtu kwa kutumia vitu alivyokupa yeye. Namba aliyokupa ukipiga atapokea mwenzake. Linki aliyokupa itakupeleka kwenye tovuti waliyoitengeneza wao, na yule "mfanyakazi wa zamani" unayeambiwa umuulize anaweza kuwa ni yeye huyohuyo kwa laini nyingine. Jina la kampuni liandike mwenyewe, tovuti yao itafute mwenyewe, namba yao ya ofisini ichukue huko. Kila ukaguzi hapa chini unategemea hilo.

Dalili: "Nimepata kazi, ila kuna hela natakiwa kulipa kwanza"

Hii ndiyo inaongoza kwa mbali. Hela hiyo ina majina mengi sana: ya fomu, ya kufungua faili, ya mafunzo, ya sare, ya vipimo vya afya, ya bima, ya kusafirisha laptopu ya ofisi, au "dhamana" utakayorudishiwa na mshahara wa kwanza. Achana na jina, angalia hela inaelekea wapi. Kwenye kazi hela inatoka kwa mwajiri inakuja kwako.

Mara nyingi sana sababu ni utapeli mtupu, hakuna kazi yoyote. Kiasi cha kwanza kinakuwa kidogo makusudi ili usijiulize sana, halafu ukishalipa kinakuja cha pili kikubwa kidogo, maana sasa wanajua wewe ni mtu wa kulipa na wewe mwenyewe inakuuma kuiacha ile ya kwanza ipotee bure. Sababu ya pili ni kwamba wakala yupo kweli, ofisi anayo, hata kazi ipo, ila anawatoza watu hela ambazo hakutakiwa kuwatoza. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 181 wa mwaka 1997, kwenye ibara ya 7, unasema wakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Sasa si nchi zote zimeuridhia, na mkataba wenyewe umeacha nafasi ya nchi kuweka vighairi kadhaa, kwa hiyo kwa nchi yako waulize wizara ya kazi. Sababu ya tatu, na hii ni nadra, ni gharama halali kama ada ya viza au cheti cha polisi. Tofauti yake ni kwamba hiyo unailipa mwenyewe kwenye ofisi husika na risiti inatoka kwa jina lako, haipiti kwenye simu ya mtu.

Ukaguzi wa haraka: mwandikie hivi, "Asante, naomba hiyo gharama mnikate kwenye mshahara wa kwanza." Kisha tulia usome jibu. Mwajiri wa kweli aliyeshakuamini kwa kazi atalijadili. Tapeli hawezi kukubali kwa sababu mshahara wa kwanza haupo, kwa hiyo ataanza kukuharakisha, nafasi zimebaki mbili, mfumo unafungwa saa kumi, bosi amekasirika. Pili, kabla hujatuma chochote angalia jina la mpokeaji linalojitokeza. Ni la kampuni au la mtu? Na kama kazi yenyewe inasemekana ni ya Umoja wa Mataifa, hapo pameisha, kwa sababu wao wametangaza wazi kwamba hawatozi ada kwenye hatua yoyote ya kuajiri, iwe kuomba, intavyuu, kushughulikia maombi wala mafunzo.

Ukaguzi wa kina ni kutafuta usajili. Wakala wa ajira kwa kawaida wanapewa leseni na serikali, kwa hiyo chukua jina kamili na namba ya leseni uende navyo kwenye wizara au mamlaka inayohusika, uulize kama bado iko hai. Wengine wanatumia picha ya leseni ya kampuni nyingine kabisa.

SIMAMA kama ulishalipa mara moja na sasa wanataka ya pili. Usilipe hata kama ni ndogo, ruka nenda kwenye dalili ya mwisho kabisa.

Dalili: "Kanitafuta mwenyewe, mimi sijaomba kazi popote"

Hapa niseme ukweli, wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta wafanyakazi na wanakuja inboksi kihalali kabisa, hasa LinkedIn, kwa hiyo kufuatwa peke yake si kosa. Ila meseji ya WhatsApp au Telegram kutoka namba ngeni, haijui jina lako, haijui unafanya kazi gani, inasema tu "tumepata namba yako kwenye mfumo wa ajira", hiyo usihangaike nayo, ifungie tu.

Ukiacha hizo za kumwagwa kwa kila namba, inayofuata kwa wingi ndiyo hatari zaidi: mtu kajivika jina la HR (afisa rasilimali watu) wa kweli. Jina ni la kweli, picha ni ya kweli, kampuni ipo na hata nafasi yenyewe imetangazwa kwenye tovuti yao, kitu pekee cha uongo ni anwani ya imeili. Hii inawanasa hata watu makini, kwa sababu wanaenda kulitafuta jina na wanalikuta. Ya tatu ni akaunti halisi iliyodukuliwa, unaweza kukuta ni mtu mnayefahamiana ghafla anagawa kazi. Ya mwisho ni kwamba kweli umetafutwa.

Mdogo wangu alipata ya aina hiyo ya kujivika jina. Tulikaa mezani simu tumeiweka katikati, akaniambia "kaka, anwani ni ya kampuni kabisa, angalia mwenyewe". Nikaangalia, nami nikaiona ni sawa. Tukaikuza mpaka herufi zikajaa kioo ndipo tukaona kwamba ile m ya katikati ya jina si m, ni r na n zimekaa pamoja. Kwa ukubwa wa kawaida wa simu huwezi kuona.

Kwa hiyo anwani isome hivi. Nakili uibandike sehemu, ikuze, kisha soma ukianzia kulia kuja kushoto. Kinachohesabika ni neno lililo kabla tu ya .com au .org au herufi za nchi (kama .co.tz au .co.ke) zilizo mwishoni kabisa. Chukua mfano: ajira.jinalakampuni.com ni ya kampuni, lakini jinalakampuni.com.ofayako.net ni ya mtu yeyote aliyenunua ofayako.net, hata kama jina la kampuni limeandikwa mwanzoni. Na ajira-jinalakampuni.com nayo ni jina jingine kabisa, kile kistari kinamtosha mtu yeyote kulinunua.

Kisha angalia umri wa hilo jina. Nenda lookup.icann.org, andika jina la tovuti, tafuta tarehe ya kusajiliwa. Kampuni inajisifu ina miaka 30 sokoni halafu jina la tovuti lina wiki tatu? Funga. Kwa majina yanayoishia na herufi za nchi wakati mwingine hutaona tarehe hapo, itabidi uende kwa msajili wa nchi hiyo. Na ile alama ya kufuli juu ya kivinjari isikupe moyo, inamaanisha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa, na cheti chake kinapatikana bure kwa yeyote hata mwizi.

Anwani ya Gmail peke yake si ushahidi, waajiri wadogo wengi wanaitumia. Lakini kampuni kubwa yenye maelfu ya wafanyakazi haikosi imeili yake. Pia kuna mchezo wa anwani ya kujibia: meseji inaonekana imetoka kwa kampuni, ukibonyeza jibu inajitokeza anwani nyingine. Bonyeza tu jibu uangalie, si lazima utume.

Kwa LinkedIn, fungua profaili yake, bonyeza kitufe cha mambo zaidi, kuna sehemu inayoeleza kuhusu profaili hiyo, waliiweka mwaka 2022. Inaonyesha mwezi na mwaka akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho mawasiliano au picha vilipobadilishwa. Mtu wa uzoefu wa miaka 15 na akaunti ya mwezi uliopita haviendani.

Bado una shaka? Piga simu ya mapokezi ya kampuni, ile uliyoitafuta mwenyewe, useme: "Samahani, nimepokea ofa ya nafasi fulani kutoka kwa fulani, naomba kuthibitisha kama ni mfanyakazi wenu na kama nafasi hiyo ipo." Dakika tatu tu. Usione haya, watu wa HR wanapokea simu za namna hiyo na wengi wao wanashukuru kujua jina lao linatumika vibaya.

Dalili: "Intavyuu ilikuwa ya kuchati tu, na saa hiyohiyo nikaambiwa nimepita"

Mara nyingi ni utapeli. Mara chache ni kampuni halali inayotumia roboti ya kuchati kwa mchujo wa kwanza, lakini mchujo hautoi ofa, baada yake lazima uongee na mtu.

Omba video. Wakisema kamera imeharibika, omba siku nyingine. Wakikubali, wewe nawe uliza: nafasi hii imebaki wazi kwanini, nitaripoti kwa nani, timu ina watu wangapi, wiki ya kwanza nitafanya nini. Siku hizi sura na sauti vinaweza kutengenezwa kwa kompyuta, kwa hiyo kuona uso usidhani umemaliza, majibu ya mambo ya ndani ya kazi ndiyo yanawashinda.

Halafu soma barua ya ofa polepole. Ile ya mdogo wangu ilikuwa ya kurasa mbili. Nembo ya kampuni ilikuwa na ukungu pembeni kama picha iliyokatwa kwenye picha nyingine, jina lake limeandikwa kwa herufi za aina moja na sentensi nzima kwa aina nyingine, unaona kabisa kwamba palikuwa na jina la mtu mwingine pale. Saa za kazi hazikutajwa. Likizo haikutajwa. Kituo cha kazi hakikutajwa. Lakini namna ya kulipia "uhakiki wa vyeti" ilikuwa na aya mbili nzima, na muda wa mwisho umekolezwa wino.

Dalili: "Ni kazi ya simu tu, kulaiki na kutoa nyota, na hela ya kwanza niliipata kweli"

Hapa sina orodha ya sababu. Sababu ni moja.

Nitaeleza inavyokwenda ili ujijue uko hatua ya ngapi. Unaanza kwa kuambiwa ni kazi ya nusu saa kwa siku, kulaiki video, kuzipa hoteli nyota, "kuboresha" bidhaa au programu. Unapewa jukwaa lenye akaunti yako na salio lako. Kazi zinakuja kwa seti, mara nyingi 40 kwa seti, unabonyeza bonyeza na salio linapanda. Siku ya kwanza au ya pili unaambiwa toa, unatoa, hela inaingia kweli. Unaingizwa kwenye grupu lenye watu wanaotupia skrinshoti za malipo na kupongezana. Kisha siku moja inakuja kazi "maalumu" yenye komisheni kubwa na salio lako linageuka kuwa hasi, unaambiwa ongeza hela kidogo ili umalize seti, ukimaliza utatoa vyote. Unaongeza. Inakuja nyingine, hasi inakuwa kubwa zaidi. Mwisho unadaiwa "kodi" au "ada ya kufungua akaunti" ili utoe hela yako mwenyewe. Na malipo yote hayo wanayataka kwa sarafu za kidijitali kama USDT, kwa sababu zikishatumwa hakuna benki ya kuzirudisha.

Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) iliwahi kutoa hesabu za ripoti walizopokea za utapeli wa aina hii: mwaka 2020 hawakuwa na hata moja, mwaka 2023 zikawa kama 5,000, na miezi sita ya kwanza tu ya 2024 zikafika kama 20,000. Hapo ni nchi moja, na ni wale tu walioripoti.

Swali ninaloulizwa sana ni "mbona nilitoa hela kweli?" Ulitoa kwa sababu walikuachia utoe. Ile ni chambo, na inawezekana kabisa ilitoka kwa mtu mwingine aliyeongeza salio siku hiyohiyo. Salio unaloliona kwenye jukwaa ni tarakimu zilizoandikwa kwenye tovuti yao, wanaweza kuandika yoyote wanayotaka.

Ukaguzi: jaribu kutoa kila kitu sasa hivi, bila kuongeza hata senti. Ikikataa, umepata jibu. Njia nyingine ni kuuliza wazi kwenye grupu kama kuna aliyewahi kutoa baada ya kuongeza salio, utaona kama utabaki humo dakika tano. Wale wanaopongezana wengi ni wao kwa wao.

SIMAMA kama umefika hatua ya kukopa ili "kumalizia seti". Nakuomba sana. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwa sauti, ana kwa ana, kabla ya kutuma, hata kama una aibu. Watu walionieleza wamepoteza kikubwa wote walipoteza pale mwisho, wakijaribu kuokoa kilichotangulia.

Dalili: "Wamenitumia faili" au "wameniambia niweke programu fulani"

Faili lenyewe la maelezo ya kazi mara nyingi halina shida. Shida inayotokea sana ni linki inayofungua ukurasa kama wa kuingilia Google au Microsoft, "ingia ili usome hati", ukiandika nywila imeenda. Inayofuata ni faili lililojificha: jina linaonekana kama .pdf lakini likisomwa mpaka mwisho ni .pdf.exe, au liko ndani ya zip yenye nywila ili antivirusi isilione. Nyingine ni kuambiwa uweke AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kifaa chako kutoka mbali, "tukusaidie kujaza fomu". Hizo programu zenyewe ni halali, ila ukimpa mtu namba ile ya kuunganisha umempa kiti chako.

Kwa watu wa kuandika programu kuna ya kwao. Mwaka 2023 watafiti wa Unit 42 wa kampuni ya Palo Alto Networks walieleza kampeni waliyoiita Contagious Interview: mtu anajifanya mwajiri, anakupa jaribio la kodi (yaani msimbo wa programu, si kodi ya serikali) upakue na uliendeshe kwenye mashine yako, na ndani ya ile kodi kuna kirusi. Usione ni jambo dogo. Ule wizi wa mtandao wa Ronin wa Machi 2022, zaidi ya dola milioni 500 za sarafu za kidijitali, FBI waliwataja wadukuzi wa Korea Kaskazini wanaoitwa Lazarus, na taarifa zilizotoka baadaye mwaka huohuo zilisema mlango ulifunguliwa na ofa feki ya kazi aliyotumiwa injinia mmoja.

Ukaguzi: washa kompyuta ionyeshe viambishi vya majina ya faili. Faili lisilo na siri zako lipandishe VirusTotal, tovuti ya kukagua virusi kwenye mafaili, kabla ya kulifungua. Kodi ya jaribio iendeshe kwenye mashine ya pembeni isiyo na nywila zako wala pochi ya sarafu, kamwe isiwe laptopu unayofanyia kazi.

Umeshafungua? Kata intaneti kwanza. Chukua kifaa kingine kabisa ubadilishe nywila kuanzia imeili, kisha benki, kisha zilizobaki, na uzitoe akaunti zako kwenye vifaa vyote. Kuskani na antivirusi ni sawa, ila kwa kirusi cha kuiba nywila, cha uhakika ni kufuta mfumo na kuuweka upya.

SIMAMA kama hiyo ni kompyuta ya mwajiri wako wa sasa. Usijaribu kuitengeneza kimyakimya kwa kuogopa wasijue unatafuta kazi kwingine. Piga simu kwa watu wa IT sasa hivi, kila saa unayochelewa mtu yupo ndani ya mfumo wao kwa jina lako.

Dalili: "Wanataka kitambulisho, akaunti ya benki, na namba zilizokuja kwa meseji"

Uliza swali moja: niko hatua gani? Kwenye kuomba, CV ya jina, simu, imeili na mji unatosha. Namba ya kitambulisho na akaunti ya benki vinatolewa baada ya kusaini mkataba na mwajiri uliyemthibitisha, na kwenye benki wanahitaji jina na namba ya akaunti tu. PIN, namba tatu za nyuma ya kadi, na namba za uthibitisho zinazokuja kwa meseji hazihusiki na ajira yoyote duniani. Ukilazimika kutuma nakala ya kitambulisho, andika juu yake kwa wino unaokatisha picha "kwa maombi ya kazi ya fulani tu" na tarehe.

Kama umeshatoa namba sita za WhatsApp na umetolewa, jisajili upya kwa namba yako palepale, utaletewa namba mpya na yeye atatoka. Ukiombwa PIN ambayo hukuiweka wewe, ni yeye kaiweka, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN, ila yeye kashatoka tayari. Waambie watu wako haraka, kwa sababu kinachofuata huwa ni kuwaomba hela kwa jina lako. Ukishaingia, weka PIN yako ya hatua mbili na ukague vifaa vilivyounganishwa.

Dalili: "Wameniwekea hela, wananiambia nibaki na asilimia fulani, nyingine niitume mbele"

SIMAMA mara moja. Hii inakuja kwa majina ya "afisa malipo" au "wakala wa fedha", pia inakuja kama cheki ya kununulia vifaa vya ofisi. Cheki feki inaweza kuonekana imeingia kwenye salio kabla benki haijamaliza kuihakiki, ikigoma baadaye deni linabaki kwako. Na kama hela ni halisi, basi imeibwa kwa mtu mwingine na wewe ndiye unayeonekana kwenye karatasi. Usiitumie, usiitume mbele, na usiirudishe kwa namba watakayokupa wao. Nenda benki uwaeleze, na polisi wakikuita tafuta wakili kwanza.

Dalili: "Kazi ni nje ya nchi, wamelipia tiketi, naondoka wiki hii"

Watu wanaona kulipiwa tiketi ni ushahidi wa ukweli. Sivyo. Mwezi wa 8 mwaka 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar na kama 100,000 Kambodia wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi waliahidiwa kazi za kawaida, na ripoti ilisema wapo waliotoka mpaka Afrika na Amerika ya Kusini. Yaani inawezekana kabisa yule anayekuandikia "habari, tuna kazi ya simu" naye alianza kama wewe.

Angalia viza kabla ya tiketi. Viza ya utalii kwa ajili ya kazi, "tutakubadilishia ukifika", hapana. Mkataba uwe na jina la mwajiri, anwani na mshahara, upeleke ubalozi wa nchi unayokwenda waukague, na mwajiri mtafute kwa njia yako. Acha nakala ya pasi, viza, tiketi na mkataba kwa ndugu, na mkubaliane neno moja la kawaida ambalo ukilitaja kwenye simu anajua huko salama hakuna. Pasipoti ibaki kwako.

SIMAMA ukifika uwanja wa ndege na nchi ya kushukia imebadilika, au mtu usiyemjua anataka kuishika pasi yako. Usipande. Waambie maafisa wa uhamiaji hapohapo. Kwa aliyeko huko tayari, ndugu wasianze kubishana na wale waliomshika wala kukimbilia kulipa, wapeleke taarifa polisi wa kwao, wizara ya mambo ya nje, na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), ambao wana uzoefu wa kurudisha watu.

Dalili: "Nishatuma"

Pole sana, kwanza. Hujawa mjinga, hawa wanafanya hivi kutwa nzima na wewe umekutana nao mara moja.

Saa ya kwanza ina thamani kuliko siku zote zinazofuata. Pigia benki au kampuni ya simu uliyotumia, namba ya nyuma ya kadi au ya kwenye programu yao rasmi, waambie ni utapeli na uombe muamala uzuiwe. Ukituma sarafu za kidijitali kupitia soko la kubadilishia fedha, waandikie nao uwape namba ya muamala. Wakati unasubiri, piga skrinshoti za kila kitu, namba zao, majina, anwani, sauti walizotuma, na usifute mazungumzo wala kuwafungia kabla hujamaliza hiyo kazi. Kisha polisi. Hata wakikuambia hela hairudi, ile namba ya ripoti utaihitaji benki, na utaihitaji zaidi siku mtu akikopa kwa kitambulisho chako.

Halafu jiandae, kwa sababu ndani ya siku chache atakuja mwingine. Atasema ni wakili, au mtaalamu wa mitandao, au afisa wa kitengo cha kurejesha fedha, na atajua kiasi ulichopoteza mpaka senti ya mwisho. Anakijua kwa sababu ni walewale, au wamemuuzia jina lako. Atataka ada ndogo ili aanze kazi. Mdogo wangu alipigiwa siku ya nne baada ya ile ofa yake feki, mtu mpole kabisa, anamwita dada, anampa pole kwa yaliyomkuta. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuomba asome namba ya ripoti iliyoandikwa kwenye karatasi ya polisi. Simu ikakatwa.